Huyu Haiko Damu Yangu

Keshero, Goma

Gato wangu,

Nimekuficha jambo juu ya ndugu yako Gakuru. Nimelificha tangu siku ya ule mkutano nyumbani kwetu, uliposimama mlangoni na sahani ya viazi mkononi, nami nikasema mbele ya watu maneno manne ambayo umeyabeba mpaka leo kama ukweli. Kesho unapanda lori la Butembo, na kutoka huko utatafuta njia ya Kisangani. Daktari hajaniambia nitakufa lini. Ameacha tu kunikataza chumvi, nami nimefundisha biolojia miaka ya kutosha kuelewa maana ya daktari anapoacha kukataza.

Naandika mchana huu umekwenda kuaga rafiki zako, kwa sababu ikifika jioni mkono unatetemeka na herufi zinaanguka. Sitakuambia jinsi ya kufunga begi wala uogope nani njiani. Mashangazi zako wamekwisha kukuambia hayo yote, tena kwa sauti. Nina nguvu za jambo moja tu.

Lililonifanya nishike kalamu ni neno lako la Jumapili. Tulikuwa tunakula. Shangazi yako alisema amesikia Gakuru bado yuko Vitshumbi, kwa wavuvi. Ukasema, bila chuki, kama mtu anayesoma hali ya hewa:

"Shangazi, Gakuru hana kosa. Ile ni damu. Baba yake aliua mutu, yeye akaiba. Papa mwenyewe alitufundisha."

Shangazi akacheka. "Sasa wewe docteur, utamupa dawa ya damu?"

"Dawa hakuna. Lakini nikifika Kisangani nitaomba kusoma mambo hayo. Watoto wa namna ile wajulikane mapema, wakiwa bado wadogo. Watu wasidanganyike kuwalea bila kujua."

Chakula kikanipalia. Mlidhani ni kifua. Ukaniletea maji, ukanipiga mgongoni taratibu, na ule mkono wako ulikuwa mpole sana, Gato.

Nianzie mbali, kwa sababu nikikimbilia mwisho utadhani ni maneno ya mgonjwa.

Tulikuwa bado Masisi. Nilifundisha shule ya misheni, na nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya maternité, nyumba ya kujifungulia. Jirani yetu wa juu aliitwa Rugira, mfugaji, mtu wa maneno machache. Mwaka ule wa ukame aligombana na mwenzake kwenye birika la ng'ombe, nani anyweshe kwanza. Rugira alikuwa na panga, akampiga nalo, na yule mtu hakuinuka. Askari walimchukua siku hiyo hiyo. Alifia gereza la mbali, na habari zake zilitufikia zimechelewa. Mkewe alibaki na mimba, katikati ya watu ambao hawakutaka hata kupokea salamu yake. Mama yenu alikuwa na mimba pia. Ndiye aliyekuwa akimpelekea maharage.

Walijifungua siku moja, katika chumba kimoja. Mmoja wenu alizaliwa asubuhi, mwingine jioni. Mke wa Rugira alitoka damu nyingi, hakuamka. Ukoo wake haukuja. Ukoo wa Rugira ulituma mtu aliyesimama nje ya ua, akauliza kama mtoto yuko hai, akaondoka. Mama yenu alikuwa na maziwa. Akawanyonyesha wote wawili, mmoja kila upande, na hakuniuliza kitu.

Nilipofika na bibi yenu, mama yangu, aliangalia kitanda kile. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa uzito wake kwa miaka mingi. Alisema: "Wa asubuhi ni Gakuru. Wa jioni ni Gato. Nimemaliza."

Unajua majina hayo kwetu. Mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Gakuru, wa pili ni Gato, na ukishawaita hivyo huwezi tena kuwatenga. Anayempa mmoja nguo anampa na mwenzake, na anayembeba mmoja anambeba na mwenzake. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, lakini si mapacha." Akanijibu: "Nani ameuliza? Mimi nimeshawaita." Aliwafungia mlango ule ili mtu yeyote asije siku moja kuuliza nani ni wetu na nani ni wa kwao. Mlango huo niliuvunja mimi.

Tulihamia Goma mkiwa hamjaanza kutembea. Hapa hakuna aliyejua lolote. Mlikuwa mapacha wa professeur, basi. Mlikimbia juu ya mawe ya volkano hadi magoti yenu yakawa meusi kama mawe yenyewe, mkaoga ziwani, mkapigana kwa ajili ya kichwa cha samaki. Katika miaka ile mimi nilikuwa na furaha, ingawa sikuitambua.

Nikapata sifa kwa somo moja. Nilikuwa nafundisha urithi kwa maharage ya Masisi, ya rangi mbili. Niliyapanda nyuma ya darasa, nikawaonyesha wanafunzi jinsi rangi inavyojificha kizazi kimoja na kurudi kizazi cha pili. Walipenda. Kuona kitu kilichofichwa kinarudi chenyewe, bila mtu kukiita, kunawafurahisha vijana. Wazazi walikuja kuangalia. Na mimi, kwa sababu walipenda, nikapita mpaka. Siku moja kijana wa nyuma aliuliza, "Citoyen professeur, sawa, rangi tumeona. Na wizi?" Darasa likacheka. Ningeweza kucheka nao. Ningeweza kusema sijui, kwa kuwa kweli sikujua. Nikasema, "Wizi pia una mbegu."

Neno hilo lilitembea. Watu walilipenda kuliko maharage. Baba mmoja wa Rutshuru alivunja uchumba wa mwanawe akisema amelipata kwangu. Unajua watu wetu kabla ya ndoa wanauliza ukoo: kuna mwizi, kuna kichaa, kuna mchawi? Siku zote waliuliza, lakini waliuliza kwa haya, na mzee mmoja akisema "yule binti ni mwema" maswali yaliisha. Mimi niliwapa neno la shule, nao wakaacha kuona haya. Nilijua habari ya binti aliyeachwa kwa uchumba ule. Nilijiambia kwamba mimi nilifundisha tu.

Ndipo Gakuru akaiba mikroskopu.

Wewe unakumbuka kelele. Mimi nakumbuka kwamba alikuwa na miaka kumi na minne, kwamba shule ilikuwa na mikroskopu moja tu, na kwamba aliipeleka kwa fundi wa saa sokoni, akatoa vioo ili apate viatu vya mpira. Jozi mbili, Gato. Jozi ya pili ilikuwa ya miguu yako. Hilo sikukuambia. Fundi wa saa ndiye aliyeniambia, baadaye, alipoileta jozi hiyo iliyobaki kwake, wakati halikusaidia tena.

Préfet, mkuu wa shule yetu, alikuja nyumbani na watu wa kamati ya shule na mkuu wa mtaa. Walikaa pale sebuleni. Gakuru alisimama karibu na dirisha. Mama yenu alikuwa anamenya viazi na hakuacha kumenya. Préfet hakuwa mtu mbaya, alipenda mzaha tu. Alisubiri kila mtu anyamaze, akanigeukia.

"Citoyen professeur, tusaidie. Wizi uko na mbegu, si ni wewe unasemaka?"

Watu wakacheka kidogo. Mkuu wa mtaa akaongeza, "Basi tuulize shamba ni la nani."

Wakacheka zaidi. Nikaona njia mbili tu. Moja ilikuwa kusema: nilikosea, wizi hauna mbegu ninayoijua mimi, huyu ni mtoto aliyetaka viatu. Ingekuwa kuvua koti langu la mwalimu mbele ya watu wale. Njia ya pili ilikuwa fupi. Nikasema:

"Huyu haiko damu yangu."

Kisu cha mama yenu kilisimama. Ndipo nikawaeleza habari ya Rugira na birika na panga, yote, kwa mpangilio mzuri, kama somo. Nikasema mke wa Rugira alijifungua kwanza, na mama yenu akajifungua baadaye. Walisikiliza vizuri sana. Préfet aliinuka, akanishika bega, akasema, "Pole, Papa. Umelea nyoka bila kujua." Na Gakuru, aliyekuwa akitazama viatu vyake, akainua macho, akanitazama mimi. Kisha akakutazama wewe. Akavua viatu, akaviweka karibu na mguu wa meza, akatoka bila viatu juu ya mawe yale.

Hakurudi usiku huo. Baada ya wiki tukasikia yuko Vitshumbi.

Mama yenu alisema nami siku hiyo mara moja tu. Alisema, "Utasahihisha lini?" Nikasema, "Mambo yakitulia." Yalitulia. Sikusahihisha.

Uongo wa nyumbani ungeweza kufia nyumbani. Lakini mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka Ulaya, mtu wa chuo kikuu, mwenye koti la mvua na chombo cha kurekodi sauti. Alikuwa anatafuta familia zilizolea watoto wasio wao, aone kipi kinashinda, nyumba au damu. Mtu alimwambia habari zetu. Alikaa kwenye kiti hiki ninachokalia. Alifurahi mpaka akaacha chai ikapoa: watoto wawili, siku moja ya kuzaliwa, maziwa mamoja, meza moja, mmoja wa mwuaji, mmoja wa mwalimu. Alisema kwa Kifaransa kwamba hata angetunga jambo mwenyewe asingelitunga vizuri hivi. Akawasha chombo, akauliza yupi ni yupi.

Gato, pale hapakuwa na préfet wala mzaha. Hapakuwa na mtu wa kunicheka. Nikasema tena.

Sauti yangu iko huko, katika kabati fulani la nchi ya baridi. Labda watu wenye akili kuliko mimi wamejenga juu yake. Ukikuta siku moja katika kitabu cha Kisangani habari ya mapacha wasio mapacha kutoka milima ya Kivu, walioonyesha wazi kwamba damu inashinda, funga kitabu. Mwandishi hakudanganya. Alidanganywa na mtu mwenye diploma, aliyekunywa naye chai.

Na mimi mwenyewe nilianza kuamini. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Nilikuona umekaa na vitabu, mtulivu, unashika kalamu kwa vidole vitatu kama mimi, unakohoa kabla ya kujibu kama mimi, na wageni waliposema "huyu ni wewe mutupu, muzee," nilitabasamu, nikahisi kitu cha kweli kimesemwa. Halafu ulipokuwa darasa la tano la sekondari ulimpiga msichana wa jirani kwa mwiko wa chuma, akashonwa kwenye nyusi. Alikuwa amemtukana mama yako, na wasichana hupigana. Lakini jioni ile nilichukua panga la nyumbani nikalitupa ziwani. Mliniuliza lilikwenda wapi, nikasema wezi wamelichukua. Kwa miaka mingi tumekata kuni kwa panga la kuazima. Nilikuwa nikikutazama ukikasirika kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo motoni. Hukuwahi kufurika. Hata hivyo sikuacha kutazama.

Usiruke mistari. Najua unaanza kuelewa. Niache nifike kwa miguu yangu.

Mama yenu alipokufa Gakuru alikuja. Ulikuwa ndani na wanawake. Alileta samaki wa moshi kikapu kizima, akakaa nje juu ya mawe na wanaume, hakuna aliyemtambua mpaka alipokuja kunishika mkono. Mikono yake ilikuwa imekatwakatwa na nyavu. Tulikaa pembeni.

"Papa, pole."

"Pole na wewe. Huko unaishi namna gani?"

"Naishi muzuri. Niko nachunga depo ya chumvi, ile ya kuweka ku samaki. Funguo iko na mimi." Akacheka kidogo. "Kuko watu kumi wanaitaka ile kazi. Wananipa mimi."

Akaendelea, bila kunitazama:

"Mama alikuja kule, akaniambia. Mambo yote."

"Lini?"

"Zamani."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme kwa nani? Aliniomba. Alisema Gato anasoma muzuri, usimuvunje." Akachukua jiwe dogo, akaligeuza mkononi. "Mimi nataka kitu moja tu, Papa. Ile maneno ulisema mbele ya watu, uyaondoe mbele ya watu. Hata wawili. Hata mmoja."

Nilimwambia, "Ngoja Gato amalize masomo."

Akaitika kwa kichwa. Hakukasirika. Alisema, "Sawa, muzee," na hapo nilisikia kwamba ameacha kuniita Papa. Akaenda kubeba jeneza la mama yake pamoja na wengine, upande wa kichwa.

Wewe ulimwona siku ile kwa mbali. Ukaniuliza, "Amekuja kutafuta nini?" Nikasema, "Kuzika."

Sasa unakwenda kusoma udaktari, na labda ile elimu ya mbegu imekwenda mbele sana tangu enzi ya maharage yangu. Sitaki uikimbie. Inawezekana kuna kitu katika damu kinachofanya mtoto mmoja awe mwepesi wa hasira na mwingine awe mzito. Mimi niliyelala katika nyumba moja na jibu kwa miaka yote hii bado silijui, kwa sababu nililiharibu kabla ya kulisoma. Ninachokijua ni kidogo. Nilipomwambia mtoto kwamba wizi wake una mbegu, nilimnyang'anya hata nafasi ya kuomba msamaha, maana nani anaomba msamaha kwa rangi ya harage? Nilikuona unafanya hivyo hivyo Jumapili, kwa upole, ukasema hana kosa. Ulidhani unamhurumia. Mimi pia nilidhani natoa somo.

Na ulisema wajulikane mapema. Gato, fikiria chumba kile cha Masisi. Fikiria kuna daktari kijana mlangoni, msomi, mwenye nia njema, amekuja kuwajua mapema. Anaangalia watoto wawili kitandani, mmoja kila upande. Anajua baba wa mmoja yuko gerezani kwa kuua. Angeandika nini juu yake? Angemshauri mama yenu nini? Bibi yenu aliona hatari hiyo kabla yake, akawahi kuwaita majina.

Sikuombi unisamehe. Nimechoka, na kuomba msamaha ni kazi nyingine ya kukupa wewe. Nimemwambia shofa wa lori asimame kwenye njia panda ya Vitshumbi, naye amepeleka habari kwamba utapita. Gakuru atakuwa pale barabarani. Hajui kama nimekuambia au la. Atakutazama usoni kwanza, atajua. Mpe barua hii, aisome mbele ya shofa na wanawake wanaouza samaki pale, kwa sauti kama akitaka. Aliomba hata mtu mmoja. Ndani ya begi lako, chini ya sweta, kuna viatu vile. Jozi zote mbili. Mama yenu aliziweka miaka yote.

Jina la mama aliyefia katika maternité ile lilikuwa Nyirabagenzi. Alipenda kuimba akisafisha ngano, tulimsikia mpaka kwetu. Mume wake niliyemjua mimi, kabla ya birika, alikuwa mtu aliyerudisha ndama wa jirani usiku wa mvua bila kuitwa. Hayo sikuyasema kwenye chombo cha mzungu, kwa kuwa hakuuliza.

Na siku ya mkutano niligeuza jambo moja tu, mengine yote yalikuwa kweli. Nilisema mke wa Rugira alijifungua kwanza. Sivyo. Mama yenu ndiye aliyejifungua asubuhi. Mke wa Rugira alijifungua jioni.

Gakuru ni wa asubuhi. Wewe ni wa jioni.

Papa